Serena Williams: Uzazi uliobadili kanuni za tenisi

MACHI 6, 2025 Chama cha Tenisi cha Wanawake duniani, WTA, kilitangaza kwamba mchezaji wa kulipwa atakayejifungua ataendelea kupata malipo kwa muda wa hadi miezi 12 akiwa nje ya uwanja. Zaidi ya wachezaji 320 walielezwa kuwa wanaweza kunufaika, na fedha za mpango huo zinatoka katika Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, PIF.

Kwa karani wa ofisi Dar es Salaam au mfanyakazi wa kiwandani Morogoro, habari hiyo haikuwa na jipya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mwenzake wa Nairobi ana miezi mitatu kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Ajabu ni kwamba tenisi, mchezo ambao kwa miaka mingi ndio uliotoa wanamichezo wa kike wenye kipato kikubwa kuliko wote duniani, ulifika mwaka 2025 ukiwa haujawa na malipo ya namna hiyo.

Waliopigania mpango huo ni wengi, na miongoni mwao Victoria Azarenka wa Belarus, mama wa mtoto mmoja na mjumbe wa baraza la wachezaji, ndiye aliyesimama mbele katika vikao. Lakini kabla ya vikao kulikuwa na kisa, na kisa chenyewe ni cha Serena Williams. Ni yeye aliyeondoka uwanjani mwaka 2017 akiwa namba moja kwa ubora duniani na kurudi mwaka uliofuata akiwa kama mtu asiyejulikana na kompyuta za chama chake.

Serena alizaliwa Septemba 26, 1981 Saginaw, katika jimbo la Michigan, akiwa mdogo kwa mabinti watano wa mama yake, Oracene Price. Familia ilihamia Compton, kitongoji cha Los Angeles kilichokuwa kikitajwa zaidi kwa magenge na risasi kuliko kwa viwanja vya tenisi. Baba yake, Richard Williams, ambaye hakuwa amefundishwa mchezo huo na mtu yeyote wa maana, aliandika mpango wa kurasa 78 wa kuwafanya Serena na dada yake Venus kuwa mabingwa wa dunia. Watu walimcheka. Mwaka 1991 aliihamishia familia Florida ili mabinti wafundishwe na kocha Rick Macci, kisha akafanya jambo lililowashangaza wataalamu zaidi: aliwatoa katika mashindano ya vijana, akisema anataka wasome na wakue kwanza.

Mechi ya kwanza ya kulipwa ya Serena ilichezwa Quebec City, Kanada, mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 14. Alifungwa 6-1, 6-1. Miaka minne baadaye alimshinda Martina Hingis wa Uswisi katika fainali ya Michuano ya Wazi ya Marekani na kutwaa taji lake la kwanza kubwa akiwa na miaka 17.

Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kurudiwa moja moja. Mataji 23 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, mengine 14 ya wawili wawili akiwa na Venus bila kupoteza hata fainali moja kati ya hizo, medali nne za dhahabu za Olimpiki, mataji 73 ya mchezaji mmoja mmoja kwa jumla, wiki 319 akiwa namba moja duniani, na karibu dola milioni 95 za Marekani za zawadi. Mara mbili alishikilia mataji yote manne makubwa kwa wakati mmoja, mwaka 2003 akiwa na miaka 21 na mwaka 2015 akiwa na miaka 33. Hakuna mwanamke aliyekusanya fedha za zawadi uwanjani zinazokaribia zake.

Kinachofaa kuangaliwa kwa makini zaidi ni namna safari hiyo ilivyokuwa ikikatika na kuungwa tena. Mwaka 2003 alifanyiwa upasuaji wa goti, na Septemba mwaka huo dada yao mkubwa, Yetunde Price, aliuawa kwa kupigwa risasi huko huko Compton. Hadi katikati ya mwaka 2006 Serena alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya 139. Januari 2007 aliingia Australia akiwa wa 81, wachambuzi wakisema amenenepa na amechoka, akamaliza kwa kumfunga Maria Sharapova 6-1, 6-2 katika fainali.

Mwaka 2010, siku chache baada ya kutwaa taji la Wimbledon, alikanyaga vipande vya kioo katika mgahawa mmoja mjini Munich, Ujerumani. Mguu ukafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na Februari 2011 madaktari wakagundua damu imeganda katika mapafu yake. Alikuwa mikononi mwa kifo, kama alivyokuja kueleza mwenyewe. Miezi minne baadaye alikuwa anacheza Eastbourne, Uingereza. Tangu wakati huo alijua kwamba damu yake ina tabia ya kuganda, na ujuzi huo ndio uliokuja kumwokoa miaka sita baadaye.

Hapa inabidi kueleza kidogo jinsi tenisi inavyofanya kazi, kwani bila hilo mzozo wote wa mwaka 2018 hauna maana. Mchezaji wa tenisi hana mwajiri. Ni kama fundi anayejitegemea: hulipia nauli yake, hoteli yake na kocha wake, na hupata fedha pale tu anapocheza. Nafasi yake katika orodha ya ubora huhesabiwa kwa pointi alizokusanya katika wiki 52 zilizopita. Kila wiki inapopita, pointi za wiki kama hiyo ya mwaka jana hufutwa. Anayekaa nje mwaka mzima hubaki na sifuri, awe amevunjika mguu, amefungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu, au amezaa mtoto.

Katika mataji makubwa, wachezaji 32 wa juu hulindwa na ratiba. Hutawanywa ili wasikutane wao kwa wao katika raundi mbili za mwanzo. Asiye miongoni mwa 32 hutupwa popote, na anaweza kukutana na namba moja siku ya kwanza. Kanuni za WTA za wakati huo zilimruhusu mama anayerejea kutumia nafasi yake ya zamani kuingia katika mashindano, lakini hazikumruhusu kuitumia ili alindwe na ratiba. Mlango alifunguliwa, kiti hakupewa.

Januari 2017 mjini Melbourne lilitokea jambo ambalo kwa wakati ule watu wawili watatu tu walilijua. Serena alimshinda Venus 6-4, 6-4 katika fainali na kutwaa taji la 23, akiwa na ujauzito wa takriban wiki nane. Siku iliyofuata, katika uwanja huo huo, Roger Federer wa Uswisi alitwaa taji la wanaume kwa kumshinda Rafael Nadal. Federer na Serena wamepishana kwa siku 49 tu kuzaliwa, wote wakiwa na miaka 35 wakati ule. Federer alikuwa baba wa watoto wanne, mapacha wawili wawili. Kuzaliwa kwa watoto hao hakukumwondoa katika orodha ya ubora hata wiki moja, na Januari 2018 alirudi Melbourne, akatetea taji lake na kushinda tena. Serena hakuweza kulitetea la kwake. Alikuwa bado anajifunza kutembea bila maumivu.

Mtoto wake wa kwanza, Olympia, alizaliwa Septemba 1, 2017 kwa upasuaji wa dharura baada ya mapigo ya moyo ya mtoto kushuka ghafla. Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake Serena alianza kukosa pumzi. Kwa kuwa dawa zake za kuzuia damu kuganda zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya upasuaji, alifahamu mara moja kinachotokea. Kwa maelezo aliyoyatoa katika jarida la Vogue mapema mwaka 2018, alimwendea muuguzi na kumwambia kwamba anahitaji kipimo cha CT Scan na dawa ya kuzuia damu kuganda, bila kuchelewa. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Daktari akaja na kupima miguu yake kwanza. Serena akasisitiza. Kipimo alichokiomba kilipofanyika hatimaye, kilionyesha vipande kadhaa vya damu iliyoganda vikiwa tayari vimefika kwenye mapafu.

Kikohozi kilichotokana na hali hiyo kikaufumua mshono wa upasuaji, damu ikavujia tumboni, akarudishwa chumba cha upasuaji mara nyingine. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alilala kitandani wiki sita.

Mtu angetarajia kwamba mwanamke mwenye mamilioni, jina kubwa na madaktari bora wa Marekani asingehitaji kubishana ili apimwe. Takwimu za serikali ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba mwanamke mweusi ana uwezekano wa kufa kutokana na uzazi mara tatu hivi ya mwanamke mweupe, na pengo hilo haliishi kwa kupanda kwa kipato au elimu. Serena alilitumia jina lake kulisema jambo hilo hadharani, tena bila kumtukana mtu. Aliwashukuru madaktari waliomwokoa, na akauliza ingekuwaje kwa mama asiye na sauti yake. Pengine hilo lilikuwa na uzito kuliko taji lolote alilokosa baadaye.

Alirejea rasmi Machi 2018. Huko Miami alipangiwa kukutana raundi ya kwanza na Naomi Osaka wa Japani, aliyekuwa ametoka tu kutwaa taji la Indian Wells siku chache nyuma. Alifungwa 6-3, 6-2 na kuondoka uwanjani bila kuzungumza na waandishi. Mkurugenzi wa mashindano hayo, James Blake, mchezaji wa zamani, alisema wazi kwamba kanuni hiyo ni adhabu kwa mama.

Mei mwaka huo waandaaji wa michuano ya Ufaransa walikataa kumlinda kwenye ratiba, akiwa nje ya wachezaji 400 bora. Akashinda mechi tatu, ikiwamo dhidi ya Ashleigh Barty aliyekuja kuwa namba moja duniani, kabla ya kujitoa kwa maumivu ya msuli wa kifua siku aliyotakiwa kukutana na Sharapova. Alikuwa amevaa vazi jeusi la kubana mwili mzima, ambalo alieleza kuwa linasaidia mzunguko wa damu. Miezi michache baadaye, rais wa shirikisho la tenisi la Ufaransa, Bernard Giudicelli, alisema vazi la namna ile halitakubaliwa tena, kwa sababu mchezo na mahali unapochezwa vinastahili heshima. Serena alijibu kwa utani kwamba wamezungumza na mambo yameisha. Wengi wengine hawakuona cha kuchekesha.

Wimbledon wao walitumia hiari yao. Serena alikuwa wa 183 duniani, wakampanga wa 25 katika orodha ya wanaolindwa. Uamuzi huo ulimsukuma nje Dominika Cibulkova wa Slovakia, aliyekuwa wa 32 na ambaye nafasi hiyo ilikuwa haki yake kwa pointi alizozichuma mwenyewe. Cibulkova alilalamika, na hakuwa na kosa kulalamika. Hoja yake kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba mtu hawezi kupokonywa alichokitolea jasho ili kumpa mwingine mwenye jina kubwa zaidi, haikupata jibu la maana wakati ule, kwa kuwa jibu halikutakiwa kutoka kwake wala kwa Serena. Lilitakiwa kutoka kwa walioandika kanuni. Kwa kufumbia macho jambo ambalo hutokea kwa wanawake tangu dunia iumbwe, WTA iliwaachia waandaaji wa kila mashindano waamue kwa huruma, na huruma ya mmoja ikawa dhuluma kwa mwingine.

Uwanjani mambo yalijisemea yenyewe. Cibulkova alifika robo fainali, Serena akafika fainali na kufungwa na Angelique Kerber wa Ujerumani 6-3, 6-3, miezi kumi tangu ajifungue.

Fainali ya Marekani ya Septemba 2018 dhidi ya Osaka imeandikwa mno, na si kila kilichoandikwa kilimtendea haki mmoja wao. Mwamuzi Carlos Ramos alimpa Serena onyo kwa ishara za kocha wake, akamkata pointi kwa kuvunja raketi, kisha gemu zima alipomwita mwizi. Baadaye alitozwa faini ya dola 17,000. Kwa mujibu wa kanuni, mwamuzi alikuwa na mamlaka kwa kila hatua, na kocha Patrick Mouratoglou mwenyewe alikiri kwamba alikuwa anatoa ishara. Serena alisema wanaume wamewahi kuwaambia waamuzi maneno mabaya zaidi bila kukatwa gemu, jambo ambalo nalo ni kweli. Mwenye hasara kubwa usiku ule alikuwa Osaka, binti wa miaka 20 aliyepokea taji lake la kwanza kubwa akilia huku watazamaji wakizomea.

Desemba 2018 WTA ilibadili kanuni. Mama anayerejea akapewa miaka mitatu, ikihesabiwa tangu siku ya kujifungua, ya kutumia nafasi aliyokuwa nayo awali kuingia katika mashindano 12. Hakupewa nafasi ya mwingine miongoni mwa wanaolindwa, lakini kama nafasi yake ya zamani ingemstahilisha kulindwa, hatakutana na mmoja wa hao katika raundi ya kwanza. Kwa maneno mengine, Cibulkova asingesukumwa nje. Kanuni hiyo hiyo iliruhusu rasmi mavazi ya kubana miguu bila sketi juu yake. Yote hayo yangeweza kuandikwa mwaka 1980, Evonne Goolagong wa Australia alipotwaa Wimbledon akiwa mama, au mwaka 2009, Kim Clijsters wa Ubelgiji aliposhinda Marekani na binti yake mdogo akitembea uwanjani. Wote wawili walishangiliwa, picha zikapigwa, na kanuni zikabaki zilivyo.

Kwa Serena mwenyewe mabadiliko yalichelewa. Alifika fainali nne kubwa baada ya kujifungua, Wimbledon na Marekani katika miaka ya 2018 na 2019, akapoteza zote bila kupata hata seti moja. Alikuwa akitafuta taji la 24, ili kuifikia rekodi ya Margaret Court wa Australia. Rekodi hiyo nayo ina maelezo yake: mataji 13 kati ya 24 ya Court yalipatikana kabla ya mwaka 1968, wakati wachezaji wa kulipwa walikuwa hawaruhusiwi, na 11 ni ya Australia kwao, ambako wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakujisumbua kusafiri. Ya Serena yote 23 ni ya zama za ushindani wa wazi. Hata hivyo namba ni namba, na ile moja iliyopungua ilimtesa hadharani. Taji pekee alilolipata akiwa mama ni la Auckland, New Zealand, Januari 2020, na zawadi yake akaitoa kwa waathirika wa moto wa misitu nchini Australia.

Agosti 2022, tena kupitia Vogue, alitangaza kwamba anaachana na tenisi. Alieleza kwamba anataka mtoto wa pili na hataki kuwa mjamzito tena akiwa mchezaji. Kwamba hakuwahi kutaka kuchagua kati ya uwanja na familia. Na kwamba kama angekuwa mwanamume asingelazimika kuandika maneno yale. Wapo waliosema analalamika akiwa na kila kitu. Lakini ulinganifu na Federer hauhitaji maelezo marefu. Swali halikuwa nani ana mali, bali nani alitakiwa kusimama.

Mechi ya kuaga ilichezwa Septemba 2, 2022 New York, katika uwanja uliopewa jina la Arthur Ashe, mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon. Serena, akiwa na wiki chache kabla ya kutimiza miaka 41, alifungwa na Ajla Tomljanovic wa Australia baada ya zaidi ya saa tatu. Siku mbili nyuma alikuwa amemtoa namba mbili wa dunia, Anett Kontaveit wa Estonia. Mtoto wa pili alizaliwa Agosti 2023.

Waliofuata wamekuta njia iliyolimwa. Elina Svitolina wa Ukraine alijifungua Oktoba 2022 na Julai 2023 alikuwa nusu fainali ya Wimbledon, baada ya kumtoa aliyekuwa namba moja, Iga Swiatek. Belinda Bencic wa Uswisi, aliyejifungua mwaka 2024, alifika nusu fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Osaka, yule yule wa Miami, alijifungua Julai 2023, akarudi kwa nafasi yake maalumu mwanzoni mwa 2024, na Septemba 2025 akafika nusu fainali ya Marekani. Juni 2025 WTA iliongeza ulinzi wa nafasi kwa wachezaji wanaokaa nje kwa matibabu ya uzazi, ikiwamo kuhifadhi mayai. Kwa upande wa kanuni, tenisi imetembea haraka katika miaka saba kuliko ilivyotembea katika hamsini iliyotangulia.

Kwa upande wa fedha, mambo si mepesi hivyo. Mapema mwaka 2024, Chris Evert na Martina Navratilova, mabingwa wenye mataji 18 kila mmoja, waliandika katika gazeti la The Washington Post kupinga fainali za msimu za WTA kupelekwa Saudi Arabia, wakitaja hali ya haki za wanawake na watu wa jinsia moja nchini humo. Balozi wa Saudi Arabia mjini Washington, Binti Mfalme Reema bint Bandar, aliwajibu kwa ukali kwamba wanaishi na picha ya zamani na wanawadharau wanawake wenyewe wa nchi hiyo. Fainali zilikwenda Riyadh Novemba 2024, na mwaka huo huo PIF ikawa mshirika mkuu wa WTA. Mpango wa kuwalipa wachezaji wanaojifungua ukatokana na ushirikiano huo.

Ni rahisi kuwakejeli wachezaji kwa kupokea fedha hizo. Ni vigumu zaidi kueleza ni kwa nini wao ndio walazimike kuzikataa. Michuano ya Marekani ya mwaka 2025 pekee ilitoa zawadi za dola milioni 90, na mshindi wa kila upande alichukua milioni tano. Fedha zipo. Mataji manne makubwa, ambayo ndiyo yanayoingiza mapato makubwa zaidi ya televisheni na tiketi, hugawa kwa washindi, na WTA, ambayo ndiyo inayobaki na wachezaji wiki nyingine zote za mwaka, ilikuwa ikipigana kupata wadhamini tangu ilipositisha mashindano yake ya China mwishoni mwa 2021 kwa sababu ya suala la Peng Shuai. Waliokuwa na uwezo wa kulipa hawakulipa. Aliyelipa ana sababu zake, na siku sababu hizo zikibadilika, hakuna aliyesema nani atachukua nafasi yake.

Jambo jingine limezungumzwa kidogo. Ili kunufaika na mpango huo, mchezaji lazima awe ameshiriki idadi fulani ya mashindano ya WTA katika kipindi kilichowekwa. Anayezunguka katika mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa, ambako wachezaji wengi wa Afrika ndiko walipo, yuko nje ya hesabu.

Mwaka 2008 Serena alikwenda Kenya na kufungua shule ya sekondari yenye jina lake huko Matooni, Makueni, akarudi mwaka 2010 kufungua nyingine katika eneo hilo hilo. Julai 2022, wiki chache kabla bingwa huyo hajatangaza kustaafu, Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji kubwa la vijana, la wasichana wawili wawili Wimbledon. Mama yake Okutoyi alifariki alipomzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi. Mwaka 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Mashindano yanayompa pointi na nauli ni yale madogo, na kwa kanuni zilizotangazwa Machi 2025 hayahesabiki.